Kwa nini kisanduku cha kutafutia kinaikataa herufi ũ

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninakusanya kamusi ndogo ya Kikuyu na Kiswahili kwenye faili moja la maandishi. Kwa ajili ya kujifunza lugha ya C nimejitengenezea kihariri changu juu ya msingi wa kilo, ile programu ya Salvatore Sanfilippo. Ndani ya faili naandika "mũndũ" bila taabu. Lakini nikibonyeza Ctrl-F nitafute neno hilo hilo, kisanduku kinaandika "mnd" tu. Hata nikibandika neno zima, ũ zinadondoka njiani. Mwenzangu aliyefuata mafunzo mengine yaliyotokana na kilo, kwake ũ inaingia vizuri kwenye laptopu, ila akihamishia msimbo ule ule kwenye Raspberry Pi inagoma, mstari wake unasema else if (!iscntrl(c) && c < 128). Juu ya hayo, kuna mistari ambayo hata grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, haiioni ingawa neno naliona kwa macho yangu. Nimeshauriwa niongeze setlocale, agizo la C la kuweka mpangilio wa lugha, mwanzoni mwa main. Nimeongeza, hakuna kilichobadilika. Tatizo liko wapi?

Jibu: Salama, ndugu yangu, na hongera kwa kazi ya kamusi. Hapo una hitilafu mbili zisizohusiana, ndiyo maana zimekuchosha: ukiirekebisha ya kwanza, ya pili itakufanya udhani hujarekebisha kitu. Ya kwanza ni kwamba ũ haifiki kabisa kwenye kisanduku cha kutafutia. Ya pili ni kwamba hata ikifika, kuna mistari ambayo haitalingana nayo, kwa sababu ninavyoona mimi ndani ya faili lako ũ imeandikwa kwa namna mbili. Tuanze na ya kwanza, maana bila hiyo ya pili huwezi hata kuipima.

Dokezo kubwa umelitoa mwenyewe: ndani ya faili ũ inaingia. Basi kibodi haina kosa, terminali haina kosa, na mpangilio wa lugha wa mfumo wako hauna kosa, kwa kuwa vyote hivyo vinafanya kazi ile ile uwe unaandika au unatafuta. Wengi wakifika hapa huanza kubadilisha kibodi, kusakinisha fonti na kuhangaika na LANG. Achana nayo. Kinachotofautiana ni njia ya ndani ya programu. Ukiwa unaandika, kitufe kinapokelewa na sehemu moja ya msimbo. Ukibonyeza Ctrl-F, kitanzi kingine kabisa kinashika usukani na kusoma vitufe kwa masharti yake. Vihariri vingi vimejengwa hivyo, na ndiyo maana kasoro za herufi zisizo za Kiingereza hupenda kujificha kwenye utafutaji: mtengenezaji alijaribu herufi yenye alama kwenye ukurasa, ikakubali, akaenda kulala.

Hata hivyo usiniamini kwa maneno, pima. Fungua terminali uandike amri hii, inayoonyesha baiti kwa heksadesimali:

od -An -tx1

Bonyeza ũ, kisha Enter, kisha Ctrl-D. Utaona:

 c5 a9 0a

Hiyo 0a ni Enter. C5 na A9 ndizo ũ yako. Katika Yunikodi, orodha ya namba za herufi za lugha za dunia, ũ ni U+0169, na UTF-8, namna ya kuziandika namba hizo kwa baiti, huiandika kwa baiti hizo mbili. Nayo ĩ ni U+0129, baiti C4 na A9. ASCII iliishia namba 127, kwa hiyo herufi yoyote iliyo nje yake inachukua baiti mbili hadi nne, na kila moja ya baiti hizo ni 128 au zaidi. Shika hilo la mwisho, tutalihitaji sasa hivi.

Kama jibu la od lingekuwa tofauti, lingekuambia mengi. Ukiona 45 29, yaani "E" na mabano ya kufungia, kuna mtu anayekata biti ya nane: ni ile bendera ya terminali iitwayo ISTRIP, ambayo kilo huizima ndani ya enableRawMode, na wengine huifuta kwa bahati mbaya wanapopunguza msimbo. Ukipata C5 A9 lakini skrini inakuonyesha "Å©", baiti zimefika salama ila kuna anayezisoma kwa Latin-1, mfumo wa zamani wa baiti moja kwa kila herufi. Na ukiona 75 cc 83, kibodi yako inatuma "u" ya kawaida ikifuatiwa na kiwimbi kinachojitegemea, U+0303. Hiyo ya mwisho iweke akilini. Ndiyo ninayoishuku kwenye ile mistari isiyoonekana na grep.

Sasa ingia ndani ya programu. Usichapishe chochote kwenye skrini, kwa sababu kihariri kinaichora upya kila unapobonyeza kitufe, na ujumbe wako utafutika kabla hujausoma. Andika kwenye faili la pembeni. Mwishoni mwa editorReadKey, kabla ya ile return c ya kawaida, weka:

static FILE *daftari;
if (!daftari) daftari = fopen("/tmp/vitufe.log", "a");
if (daftari) { fprintf(daftari, "%d\n", c); fflush(daftari); }

Kwenye dirisha la pili acha tail -f /tmp/vitufe.log ikiendelea. Andika mũndũ ndani ya faili, halafu bonyeza Ctrl-F uandike neno lile lile. Mara zote mbili utapata namba hizi hizi: 109, -59, -87, 110, 100, -59, -87. Herufi tano, namba saba. Kwa hiyo kitufe kinasomwa, na kinasomwa vilevile. Kinachoitupa ũ kiko baada ya hapo.

Na hizo namba hasi? C5 ni 197. Lakini editorReadKey inasomea baiti ndani ya kigezo cha aina ya char, na kwenye vichakato vya Intel na AMD char inahesabiwa kuwa na alama ya kujumlisha au kutoa, kuanzia -128 hadi 127. 197 haitoshei humo, inageuka -59. Ikirudishwa kama int inabaki -59.

Sasa fungua editorFind, ushuke hadi mstari huu:

} else if (isprint(c)) {

Huyo ndiye mhalifu wako. isprint ni bawabu anayekagua baiti moja moja, na orodha aliyopewa ina herufi za ASCII peke yake. Inakuja m, anaipitisha. Inakuja -59, haimo, anaitupa. -87 vivyo hivyo. n na d zinapita. Unabaki na "mnd". Kubandika hakusaidii kwa sababu kilo haitofautishi kubandika na kuandika. Terminali inazimwaga baiti zile zile mlangoni, zinakaguliwa vilevile. Kwenye kuandika ndani ya faili hakuna ukaguzi wa namna hii: kila kisichokuwa kitufe maalumu kinaingizwa kama kilivyo.

Hapo unaona pia kwa nini setlocale haikubadilisha kitu. Ushauri huo si wa kijinga, ila unatibu ugonjwa mwingine. isprint inapewa baiti moja, na katika UTF-8 baiti C5 ikiwa peke yake si herufi ya lugha yoyote. Ni nusu ya herufi. Uweke sw_KE.UTF-8 au en_US.UTF-8, jibu la isprint kwa C5 litabaki "siyo". Tena kuna jambo baya zaidi: kanuni za C zinataka isprint na ndugu zake wapewe thamani inayotoshea kwenye unsigned char (0 hadi 255), au EOF, alama ya mwisho wa faili. Ukiwapa -59 umetoka nje ya mkataba. Maktaba ya glibc inavumilia namba hasi kimyakimya. Maktaba nyingine hazina wajibu wa kukuvumilia.

Kisa cha mwenzako kinatoka kwenye chimbuko hilo hilo, na kwa kweli ndicho kilichonifurahisha zaidi katika barua yako. Sharti lake, c < 128, liliwekwa kuzuia vitufe maalumu kama mishale, ambavyo kwenye kilo vimepewa namba kuanzia 1000, visiingie kwenye kisanduku. Halikuandikwa kwa ajili ya ũ hata kidogo. Kwenye laptopu yake -59 ni ndogo kuliko 128, basi inapita, halafu ikihifadhiwa kwenye safu ya char inarudi kuwa C5. Inafanya kazi kwa bahati. Kwenye Raspberry Pi, Linux ya ARM inaichukulia char kuwa haina alama ya kutoa, kwa hiyo baiti ile ile inabaki 197, na 197 si ndogo kuliko 128. Inatupwa. Msimbo ni ule ule hadi nukta ya mwisho, kichakato tu ndicho kimebadilika. Mwambie asiilaumu Raspberry Pi. Hiyo ndiyo iliyosema kweli.

Dawa inaanza na mstari mmoja, nao unawahusu nyote wawili. Mwishoni mwa editorReadKey, badala ya return c, weka:

return (unsigned char)c;

Kuanzia hapo baiti ni 0 hadi 255 kwenye mashine yoyote, na vitufe maalumu ni 1000 na kuendelea, havigongani. Usikubali kishawishi cha kuifanya editorReadKey irudishe namba nzima ya Yunikodi badala ya baiti. Inaonekana ni usafi zaidi, lakini 1000 ni namba halali ya herufi, U+03E8, ambayo ni ya Kikopti, na siku mtu akiibandika, kishale chako kitakimbilia kushoto. Ukitaka njia hiyo lazima kwanza uhamishe vitufe maalumu juu ya 0x10FFFF, mwisho wa Yunikodi.

Kisha bawabu wetu. Ungeweza kumtoa tu, ukakubali kila baiti kati ya 32 na 255, na kwa mtazamo wa haraka ungeona imepona. Lakini utafutaji wa kilo unakwenda hatua kwa hatua: kila baiti inapoingia, skrini inachorwa na neno linatafutwa papo hapo. Ikiingia C5 kabla ya A9, kwa kitambo kidogo unatafuta "m" na nusu ya herufi. Nusu hiyo inalingana na chochote kinachoanza na C5, zikiwemo š na ž za watu wa Ulaya Mashariki, na chini ya skrini unaona kile kialama cha swali ndani ya msambamba mweusi kikimetameta. Bora uipokee herufi nzima ndipo uendelee. Baiti ya kwanza inakuambia urefu:

static int urefu_utf8(int b) {
    if (b < 0x80) return 1;
    if (b >= 0xC2 && b <= 0xDF) return 2;
    if (b >= 0xE0 && b <= 0xEF) return 3;
    if (b >= 0xF0 && b <= 0xF4) return 4;
    return 0;
}

Na ndani ya editorFind, pale palipokuwa na isprint:

} else if (c >= 32 && c < 256) {
    int n = urefu_utf8(c), mwanzo = qlen;
    if (n > 0 && qlen + n <= KILO_QUERY_LEN) {
        query[qlen++] = c;
        while (--n > 0) {
            int k = editorReadKey(fd);
            if (k > 255 || (k & 0xC0) != 0x80) {
                qlen = mwanzo;
                break;
            }
            query[qlen++] = k;
        }
        query[qlen] = '\0';
        last_match = -1;
    }
}

Baiti zote za kuendeleza herufi huanza na biti 10, ndiyo maana ya ule mtihani wa 0xC0. Ikija baiti isiyo ya namna hiyo tunarudi tulipoanzia, tukiipoteza na hiyo iliyokuja. Kwa kisanduku cha kutafutia hasara hiyo naikubali.

Usisahau kitufe cha kufuta. Sasa hivi kinaondoa baiti moja, kwa hiyo ukifuta ũ unabakiwa na C5 inayoning'inia, nawe utaona utafutaji "umeharibika tena". Badilisha iwe hivi:

while (qlen > 0 && (query[--qlen] & 0xC0) == 0x80)
    ;
query[qlen] = '\0';

Inarudi nyuma ikiruka baiti za kuendeleza hadi ikutane na baiti ya mwanzo.

Utashangaa kwamba sijagusa strstr, inayofanya ulinganishaji wenyewe. Haina haja. Ken Thompson na Rob Pike walipoibuni UTF-8 mwezi Septemba 1992, waliitengeneza hivi kwamba baiti ya mwanzo wa herufi haiwezi kufanana na baiti ya kuendeleza. Ukiwa na neno lililokamilika, strstr haiwezi kulipata likianzia katikati ya herufi nyingine. Nimeona watu wakigeuza kila kitu kuwa wchar_t kwa hofu tu, wakaingiza hitilafu ambazo hazikuwepo. Utakalokosa ni kulinganisha bila kujali herufi kubwa na ndogo: Ũ ni C5 A8, ũ ni C5 A9, na tolower ya baiti moja moja haijui undugu huo. Lakini kilo haikuwa na huduma hiyo tangu mwanzo.

Jambo dogo la pembeni: kuna isprint nyingine kwenye sehemu ya kupaka rangi msimbo. Faili lako la kamusi halina sintaksia ya kupakwa rangi, basi haikugusi. Siku utakapofungua faili la C lenye ũ nje ya maoni na nje ya alama za nukuu utaona takataka mahali pake, nawe utajua zinakotoka.

Tuje kwenye mistari isiyoonekana. grep haina uhusiano wowote na kihariri chako, na bado inashindwa; kwa hiyo tatizo hili limo ndani ya faili. Chukua mstari mmoja unaokataa uupitishe kwenye od:

sed -n '214p' kamusi.txt | od -An -tx1

Weka namba ya mstari wako mahali pa 214. Kwenye mstari unaopatikana, mũndũ itakuwa 6d c5 a9 6e 64 c5 a9, baiti saba. Kwenye unaokataa natarajia 6d 75 cc 83 6e 64 75 cc 83, baiti tisa. Kwa jicho ni neno moja. Yunikodi inazitambua namna zote mbili kuwa halali na zenye maana moja: ũ iliyofinyangwa pamoja, na u iliyovishwa kiwimbi baadaye. Ila grep na strstr zinalinganisha kilichoandikwa, hazilinganishi maana. Ili uone ukubwa wa tatizo faili zima:

grep -n $'u\xcc\x83' kamusi.txt
grep -n $'i\xcc\x83' kamusi.txt

Namna hii ya pili huingia kwa milango mingi. Kuna kibodi zinazotuma kiwimbi peke yake, maandishi yaliyonakiliwa kutoka PDF, na majina ya mafaili kutoka kwenye diski za Mac za mfumo wa HFS+, ambao huhifadhi majina yakiwa yametenganishwa. Kamusi inayokusanywa kutoka kwa watu mbalimbali haiwezi kukwepa. Wenzetu wa Kikamba, Kimeru na Kiembu, wenye ĩ na ũ kama nyinyi, wanakutana na hili hili.

Kuunganisha namna hizo kuwa moja kunaitwa usanifishaji, na ule unaoutaka ni NFC, unaopendelea herufi iliyofinyangwa. Kwa faili ulilonalo, kifaa cha uconv kinachokuja na ICU, maktaba ya Yunikodi, kinamaliza kazi (kwenye Debian kimo ndani ya kifurushi cha icu-devtools):

uconv -f utf-8 -t utf-8 -x nfc kamusi.txt > kamusi-nfc.txt

Linganisha mafaili mawili kabla ya kulitupa la zamani. Kisha ndani ya kihariri, lipitishe neno la kutafuta kwenye utf8proc_NFC ya maktaba ya utf8proc kabla ya kuliita strstr, ili anayetumia kibodi ya kiwimbi peke yake naye apate. Ila sikushauri kihariri kisanifishe faili lenyewe kila linapofunguliwa. Hii ni kamusi yako, una haki ya kuibadilisha. Kesho utafungua faili la mtu mwingine urekebishe neno moja, uhifadhi, na mistari elfu iwe imebadilika bila wewe kujua. Kihariri hakina ruhusa hiyo.

Kuna kisa cha tatu ambacho hukukiuliza lakini kimekaa njiani kwako: ng'ombe. Neno hilo mnalo Kikuyu na Kiswahili, na ritifaa yake ni mtego. Ukiiandika kwenye kisanduku inapita vizuri, kwa kuwa ritifaa ya kibodi ni ASCII, baiti 27 ya heksadesimali. Lakini programu za kuandikia barua na simu nyingi huigeuza kuwa ile iliyopinda, U+2019, baiti E2 80 99. Na watu makini wa isimu hutumia U+02BC, baiti CA BC, ambayo Yunikodi inaihesabu kuwa herufi badala ya alama ya uakifishi. Zote tatu zinaonekana karibu sawa, na NFC haiziunganishi kamwe, kwa sababu kwa Yunikodi hizo ni alama tofauti kweli. Hapa itabidi uamue mwenyewe. Ndani ya kamusi ningechagua 27, kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye kila kibodi ya kila atakayetafuta, hata kama wanaisimu watanuna. Kwenye kihariri usijaribu kutengeneza nakala ya mstari iliyobadilishwa ritifaa ukatafute humo: urefu wa baiti utabadilika, na nafasi utakayorudishiwa haitakuwa nafasi ya mstari halisi. Tengeneza matoleo matatu ya neno unalolitafuta, iite strstr mara tatu, chukua jibu lililo karibu zaidi. Ni mbinu ya kizembe, na kwa faili la kamusi hutasikia tofauti ya kasi.

Wasomaji wasiotaka kuandika kihariri chao wanaweza kupima haya haya kwa vilivyopo. Kwenye Vim, weka kishale juu ya herufi uandike g8: ũ iliyofinyangwa itasema c5 a9, iliyovishwa itasema 75 + cc 83. Ukiongeza \Z kwenye neno la kutafuta, Vim haitajali viwimbi vinavyojitegemea, na [[=u=]] inakubali u pamoja na zenye alama. Kibodi isipokuwa na ũ, Ctrl-K kisha u kisha ? inaileta, hata ukiwa ndani ya kisanduku cha kutafutia. Kwenye Emacs ni C-u C-x = kwa kuikagua herufi, na tangu toleo la 25 kuna M-s ' unayoibonyeza ukiwa katikati ya kutafuta ili u ilingane na ũ za namna zote.

Limebaki moja, nalo utaligundua mara tu utafutaji ukianza kufanya kazi: neno litapatikana, ila kishale kitatua mbele yake. Kilo inahesabu safu za skrini kwa baiti, kwa hiyo kila ũ iliyotangulia kwenye mstari inakisukuma hatua moja kulia. Kwenye kitanzi cha editorRefreshScreen kinachokokotoa cx, kile kinachoshughulikia TAB, ruka baiti zenye (row->chars[j] & 0xC0) == 0x80. Hilo linatosha kwa faili ulilokwisha lisanifisha. Kwa mafaili ya wengine halitoshi, maana kiwimbi kinachojitegemea ni CC 83, na CC itahesabiwa safu nzima ilhali kwenye skrini haichukui nafasi. Huko utahitaji mbrtowc na wcwidth, ambayo kwa U+0303 inajibu sifuri. Na hizo mbili ndizo zinazoitaka ile setlocale, kwa hiyo usiifute. Iandike tu setlocale(LC_CTYPE, "") badala ya LC_ALL, ili usibadilishe bila kukusudia jinsi programu inavyoandika namba za desimali. Jaribu kwenye mstari wenye ũ nyingi kabla ya neno unalolitafuta, mara moja kwenye faili lililosanifishwa na mara moja kwenye lile la zamani.